Betri Mpya Imekufa na Muuzaji Amekataa Waranti

Umenunua betri ya gari Nairobi miezi minne iliyopita, na leo asubuhi starta inalia tu. Unairudisha dukani; mhudumu anaigusisha mita na kusema, “Imeisha chaji, waranti haihusiki.” Huenda ni kweli. Huenda pia anataka uondoke.

Ipimwe kwanza

Betri ya kawaida ya volti 12 ina seli 6. Ikijaa chaji na kupumzika saa kadhaa, husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 11.8, imeisha chaji, lakini hilo halithibitishi kuwa ni mbovu. Taa iliyoachwa ikiwaka, king'ora au traka inayonyonya umeme gari likiwa limezimwa huleta hali hiyo hiyo. Kwa hiyo ichajiwe hadi ijae, iachwe itulie, kisha ipimwe kwa mashine inayoibebesha mzigo. Ikichajiwa usiku kucha na bado ikabaki kwenye volti 10.5 hivi, kwa kawaida seli moja imekufa, kwa kuwa kila seli hutoa volti 2 na kidogo. Anayekataa dai kabla ya hatua hizi hajapima chochote cha maana.

Gari nalo likaguliwe. Injini ikinguruma, kwenye magari mengi mita husoma kati ya volti 13.8 na 14.5 kwenye betri. Ikiwa chini ya hapo, huenda altaneta haichaji vya kutosha. Ikivuka 15, inachemsha asidi. Katika hali zote mbili muuzaji huenda ana sababu ya kukataa, na hata akikupa betri nyingine itakufa vilevile. Mwombe fundi wa umeme akuandikie vipimo vyote, tarehe na namba ya gari. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko kelele za kaunta.

Soma kadi yako ya waranti. Kadi nyingine hupunguza muda kwa teksi na matatu, au hufuta waranti ukifungua vifuniko vya betri iliyozibwa. Kadi isiyo na muhuri wa duka wala tarehe itakusumbua, ingawa risiti ya ETR au ujumbe wa M-Pesa bado huonyesha kwamba ulinunua.

Akishikilia kukataa

Mwambie aandike sababu. Wengi hulegea hapo, maana “umeiharibu mwenyewe” ni rahisi kutamka na ni vigumu kutia sahihi. Asipoandika, mtumie wewe barua au ujumbe unaoeleza vipimo na unachodai: betri nyingine au fedha zako.

Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inamchukulia kila muuzaji kuwa amekuhakikishia bidhaa yenye ubora unaofaa, hata kama kadi haisemi hivyo. Bango la “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” haliifuti haki hiyo. Unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, au kufungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Huko unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60.

Dai likiendelea, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu betri hiyo wala usiiachie duka bila hati ya mapokezi yenye namba iliyochapwa juu ya betri. Bila betri yenyewe, huna cha kupimisha tena.