Boksi jeupe kwenye fulana nyeusi

SWALI: Nachapa fulana za vikundi vya wachimbaji hapa Katoro, Geita. Nembo ikikaa kwenye kitambaa cheusi inakuja na boksi jeupe. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, hilo boksi umelibeba ndani ya faili. Huenda unahifadhi nembo kama JPEG, nayo JPEG haihifadhi uwazi. Palipo wazi hujazwa rangi, mara nyingi nyeupe.

Fungua Photoshop, au GIMP ambayo ni ya bure, uweke kila sehemu ya nembo kwenye leya yake: kama ina sururu, sururu peke yake, maandishi peke yake, duara la nje peke yake. Leya ya chini kabisa, yenye rangi ya nyuma, izime kwa kubofya alama ya jicho. Ukiona miraba ya kijivu na nyeupe kama ubao wa drafti, hapo ni wazi kweli. Hifadhi kama PNG, ila faili lenye leya litunze: mteja akirudi kubadili jina la mgodi, utagusa leya moja tu.

Nembo ya kifuani yenye upana wa sentimita 25, kwa dpi 300, inahitaji takriban pikseli 2,950. Picha ya WhatsApp huwa imebanwa, hivyo mwombe mteja aitume kama dokyumenti.

Halafu acha vivuli hafifu. Kwenye nguo nyeusi wino mweupe hutangulia chini ya rangi, na kivuli hugeuka ukungu wa kijivu. Hiyo leya ya wino mweupe nayo ipunguze kidogo pembeni, pikseli mbili tatu, isichungulie nje ya sururu.