Kabla Hujafinya Tyubu ya Choa

Toka Lusangi hadi Kasongo mjini, jasho na mvua vinawafaa sana fangasi. Krimu za kuwatimua ziko kila farmasi, hata mezani sokoni. Kazi ni kujua ipi uichukue.

1. Itazame ngozi kwanza. Choa ni duara linalowasha, ukingo umeinuka na una magamba, katikati panaanza kusafika. Mba ni mabaka madogo ya kifuani na mgongoni. Kati ya vidole vya miguu ngozi hulainika, hupauka na kupasuka. Hayo krimu inayaweza. Baka lililofifia ambalo halihisi ukiligusa kwa pamba huenda ni ukoma, na dawa yake hutolewa bure. Vipele vya maji pamoja na homa na tezi zilizovimba, nenda kwa muganga siku hiyohiyo: mpox si ngeni hapa Maniema.

2. Soma maandishi madogo, si picha ya boksi. Unatafuta jina moja tu: klotrimazoli 1% (kwenye boksi huanza na C), mikonazoli 2% au terbinafini 1%. Ukiona pia betamethasoni, klobetasoli au deksamethasoni, rudisha. Hizo huzima muwasho kwa siku mbili tatu, nawe unafurahi, kumbe fangasi anaendelea kula kimyakimya. Duara linapoteza umbo, linatambaa hadi kiunoni na mapajani, na ukifika kituo cha afya hata muganga mzoefu anababaika. Ngozi nayo inakonda na kuchanika mistari, hasa kwenye kinena. Klobetasoli ndiyo hiyohiyo wanayojipaka wanaotafuta weupe, kwa hiyo haikosekani sokoni. Muuzaji akisema "hii inatibu kila kitu", mshukuru uende zako.

3. Mafuta ya Whitfield bado yanafaa. Ni dawa ya tangu mwanzo wa karne ya 20: asidi ya benzoiki 6% na ya salisiliki 3%. Yanachoma kidogo, kwa hiyo usipake usoni, sehemu za siri wala kwenye kidonda.

4. Paka nje ya duara pia. Osha, kausha kabisa, paka nyembamba ukivuka ukingo kwa upana wa kidole. Klotrimazoli na mikonazoli ni mara mbili kwa siku, wiki 2 hadi 4, na wiki moja au mbili zaidi baada ya choa kutoweka. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa: muwasho ukikata, tyubu inapewa jirani. Terbinafini ina haraka zaidi, mara nyingi wiki moja au mbili zinatosha. Mba ina ukaidi wake: fangasi wamekufa, lakini rangi hurudi baada ya miezi. Usiendelee kupaka kwa sababu ya rangi.

5. Mapunye ya mtoto hayatibiwi kwa krimu. Fangasi wamejificha kwenye mizizi ya nywele. Dawa ni vidonge, kama griseofulvini, vinavyoandikwa kituoni na kumezwa kwa wiki kadhaa pamoja na chakula chenye mafuta. Sombe ya mawese inafaa kabisa. Kucha nazo ni hivyohivyo, krimu haizifikii. Kofia na chanuo, kila mtoto na chake.

6. Kausha vidole. Wachimba dhahabu wa Namoya wanashinda ndani ya maji na buti za mpira, basi usiku buti zilale wazi. Anayetawadha mara tano kwa siku awe na kitambaa kidogo cha kupangusa kati ya vidole. Kisiwe cha msikiti mzima.

7. Piga pasi. Ya makaa yatosha. Nguo za ndani na taulo zipate moto huo, ambao pia unaua mayai ya yule nzi anayetupandikiza funza kupitia nguo zilizoanikwa nje.

8. Wiki nne bila nafuu, funga tyubu. Msaada uko karibu: Kasongo ndiko ulikoanza mwaka 1971 mradi wa afya ya msingi ulioandikwa hadi Ulaya, na leo Lusangi ina zone yake ya afya. Nenda kituoni na tyubu yenyewe mkononi, waone ulichopaka. Fangasi wakirudi kila mara au wakitapakaa mwilini, omba kupimwa sukari na VVU.