Gemu haipati intaneti? Jua kosa liko wapi kabla ya kumlipa fundi

Masara inajulikana kwa dhahabu, lakini kwa kijana anayetoza wateja ili wacheze gemu, PlayStation pia ni riziki. Nyumbani, rauta inayohudumia gemu mara nyingi ndiyo hiyo hiyo anayoitegemea mwanafunzi anapoomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS au mkopo wa HELB. Kwa hivyo gemu inapokataa kuunganishwa, ni muhimu mtu asiharibu mtandao wa nyumba nzima akijaribu kuitengeneza.

Uharibifu huo huanzia kwenye kitundu kidogo nyuma ya rauta, kile kinachobonyezwa kwa pini. Kisiguswe. Kuzima rauta na kuiwasha tena hakuna madhara, lakini kubonyeza kitundu hicho hufuta mipangilio yote: jina la mtandao, nenosiri, na wakati mwingine taarifa za akaunti zilizowekwa na kampuni ya intaneti. Hapo itabidi fundi wa kampuni aje, na huenda gemu ikawa bado na shida ile ile.

Anza na simu. Iunganishe na Wi-Fi hiyo hiyo, zima data ya laini, kisha simama mahali gemu ilipo na ufungue ukurasa ambao hujaufungua siku hiyo. Data isipozimwa, simu itatumia laini na utadhani rauta ni nzima. Ukurasa ukikataa, usiisumbue gemu. Angalia kama bando limekwisha. Ikiwa umeme ulikuwa umepotea, ipe rauta dakika chache iamke, kwani gemu inaweza kuwaka kabla mtandao haujarudi.

Ukurasa ukifunguka, geukia gemu. Kwenye PS4, ingia palipoandikwa Settings, kisha Network, halafu Test Internet Connection. Matokeo husomwa kutoka juu kwenda chini. Mstari wa anwani ya IP ukifeli, gemu na rauta hazijaelewana. Mara nyingi ni nenosiri, hasa likiwa limebadilishwa na gemu bado inakumbuka la zamani. Liandike upya, ukizingatia herufi kubwa na ndogo. Mstari huo ukipita lakini wa intaneti ufeli, kosa liko kati ya rauta na kampuni. Yote miwili ikipita na kuingia PlayStation Network kukakataa, angalia saa na tarehe ya gemu, au subiri: huenda huduma yenyewe imelala.

Kuna wanaoona Wi-Fi kwenye simu lakini jina lake halionekani kabisa kwenye gemu. PS4 ya kwanza, ile nene iliyotoka mwaka 2013, hupokea masafa ya 2.4 GHz pekee. PS4 nyembamba na PS4 Pro, zilizotoka mwaka 2016, hupokea pia 5 GHz. Rauta au hotspoti ya simu ikirusha 5 GHz peke yake, gemu ya zamani haitauona mtandao huo hata ikiwekwa juu ya rauta. Badilisha masafa kwenye mipangilio ya rauta au ya hotspoti. Anayenunua PS4 iliyotumika aulize ni aina gani kabla ya kutoa pesa.

Kuta za mabati nazo huzuia mawimbi. Rauta iliyo chumba cha pili nyuma ya mabati, au iliyofichwa nyuma ya televisheni, itafika kwenye gemu ikiwa dhaifu. Ipandishe juu, mahali pa wazi. Kama vifaa hivyo viko karibu, kebo ya mtandao kutoka rauta hadi gemu humaliza shida hiyo kabisa, tena ni imara kuliko Wi-Fi.

Bando likiisha kila mara bila sababu, zima upakuaji wa kujiendesha. Gemu moja kubwa inaweza kuzidi GB 50, na PS4 inaweza kupakua masasisho ikiwa katika hali ya kupumzika, wenyewe mkiwa mmelala.

Ikiwa vipimo vinaonyesha kosa ni la kampuni, ripoti kwao kwanza na uombe nambari ya lalama. Wasiposhughulikia, peleka lalama hiyo, pamoja na nambari yake, kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.