Somo la Vikundi: Chumba cha Bei Rahisi Kina Bei Gani?

Somo la leo limetokana na deni. Kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea kilimkopesha kijana wa mwanachama shilingi 9,000 aende Nairobi kuanza kibarua Industrial Area. Akapata chumba Kitengela, akafurahia kodi. Baada ya miezi mitatu alirudi nyumbani na begi lake, bila senti, na hakuwa amefutwa kazi. Mama yake alisimama mkutanoni akasema, "Mwalimu, mshahara wote ulikuwa unaliwa na gari." Sasa kikundi kinadai, mama anaona aibu kuja mkutanoni, na kijana anashinda sokoni. Basi tuketi tujifunze kabla hatujamkopesha mwingine.

Wengi wetu tukisikia mtoto anahamia mjini tunauliza swali moja tu: nyumba ni pesa ngapi? Swali ni zuri lakini ni nusu. Bei ya chumba ni kodi, nauli, maji na saa za njiani, vyote pamoja. Tufanye hesabu. Kama hamna ubao, andikeni chini kwa kijiti. Bei hizi ni za kujifunzia. Nyinyi mtaweka zile mtakazoletewa.

Chumba cha kwanza kiko Kitengela, huko Kajiado. Kodi ni 4,000. Nauli ni 100 kwenda na 100 kurudi, kwa siku 26 za kazi, ambayo ni 5,200. Jumla 9,200, na maji bado. Chumba cha pili kiko kando ya Industrial Area, na kijana anatembea kwa miguu. Kodi ni 6,000. Ananunua mitungi miwili ya maji kwa siku, shilingi 10 kila mmoja, kwa siku 30 ni 600. Jumla 6,600. Mmeona? Kile tulichoita ghali kimemwachia 2,600 mfukoni kila mwezi.

Na saa hatujahesabu. Akikaa njiani saa 2 asubuhi na saa 2 jioni, kwa siku 26 ni saa 104. Hizo ni zaidi ya siku nne nzima, mchana na usiku, amekaa ndani ya matatu. Mtu huyo hapiki. Anakula kibandani, na hiyo pia ni pesa.

Tena nauli ya Nairobi haina bei moja. Mvua ikinyesha inapanda, jioni abiria wakijaa inapanda. Kijana akiwaambia nauli ni shilingi 100, mwulizeni: ni ya saa ngapi? Tumieni katika hesabu ile ya jioni ya mvua.

Kwa hiyo anzeni na mahali pa kazi, ndipo mtafute mtaa. Anayefanya kazi za nyumbani au za bustani Lavington, Kawangware iko karibu. Wa Westlands, Kangemi. Barabara ya Thika ilipopanuliwa na kumalizika mwaka 2012, watu wengi walielekea Githurai, Ruiru na Juja. Ni sawa kama kazi iko upande huo; kama iko Karen, anavuka mji mzima kila siku. Mwaka huo huo kituo cha gari la moshi cha Syokimau kilifunguliwa, na gari hilo husimama Imara Daima na Makadara likielekea mjini. Linafaa, lakini lina saa zake. Mwenye kazi ya zamu ya usiku asilitegemee.

Lakini msije mkasema mwalimu ametuambia tupange karibu na kazi, basi, yameisha. Hapa nataka tukae kidogo.

Mukuru iko karibu kabisa na viwanda, na ndiyo sababu watu ni wengi. Pia iko kando ya Mto Ngong, na bomba la mafuta hupita huko. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka kwa bomba hapo Sinai, moto ukalipuka na watu wapatao 100 wakafa. Usiku wa 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, jengo la orofa sita lililojengwa karibu na mto huko Huruma liliporomoka likaua watu wapatao 50. Na mvua za mwaka 2024 mnazikumbuka. Mto Mathare uliingia nyumbani kwa watu usiku, na baada ya hapo serikali ikabomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Wapangaji waliokuwa wamelipa kodi walitolewa pamoja na vyombo vyao.

Mimi mwenyewe sikuwa mjanja. Mwaka 2003 nikisomea diploma nilipanga chumba cha mabati kwa sababu kilikuwa rahisi kuliko vya majirani. Nilishangaa kuona kila kitanda cha ploti ile kimeinuliwa juu ya mawe, lakini sikuuliza. Mvua za masika zilinijibu. Nilipoteza godoro na madaftari yangu yote. Mwenye nyumba, nilipomwendea, aliniambia mvua si yake.

Kwa hiyo mfundisheni kijana kutazama. Ukutani kuna alama ya maji, mstari wa rangi ya matope? Vitanda vimeinuliwa? Kuna alama ya X nyekundu kwenye ukuta? Hiyo mara nyingi ni alama ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, hata kama imepakwa rangi juu. Ngazi ni moja tu kwa orofa saba? Kama ni msichana, choo kiko wapi, na njia yake ina taa usiku? Hilo la choo wazazi wengi huona haya kuuliza. Ulizeni tu.

Aende mara tatu kabla ya kulipa: saa 11 alfajiri aone watu wanavyopata gari, saa 2 usiku aone njia ya kurudi, na siku ya mvua. Asimwulize ajenti habari za mtaa, maana ajenti analipwa akikubali. Amwulize mama mboga wa hapo, tena akiwa amenunua sukuma wiki kwanza.

Maji nayo. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na hayatoshi, hivyo yanagawanywa kwa siku. Aulize mfereji wa ploti unatoka siku gani, na siku nyingine watu wanachota wapi. Wakimwambia kuna borehole, asifurahi haraka. Maji mengi ya chini ya ardhi pande hizo, Nairobi hadi Athi River, yana floridi nyingi, na watoto wadogo wanaoyanywa meno yao hubadilika rangi. Kufulia ni sawa.

Asitume pesa kwa simu kabla hajaingia chumbani na kuona ufunguo unafungua. Akilipa apewe risiti yenye jina na namba ya chumba.

Sasa turudi kwa yule kijana. Tulipomaliza hesabu hii na wale akina mama, mama mwenyekiti alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwani zile 9,000 tulizipimaje?" Walikuwa hawakuzipima. Mwenye nyumba hudai kodi ya mwezi wa kwanza na diposti ya mwezi mmoja. Kwa chumba cha 4,000 hiyo ni 8,000. Kwa kile cha 6,000 ni 12,000. Mkopo wetu ulitosha chumba cha mbali peke yake. Tulimlaumu kwa kupanga Kitengela, na ni sisi tuliompeleka huko.

Kazi ya kikundi, kabla ya mkutano ujao: chukueni kijana mmoja wa kijiji chenu anayefanya kazi mjini. Mpigieni simu mumwulize kodi, nauli ya jioni, bei ya mtungi wa maji, na anatoka na kurudi saa ngapi. Fanyeni hesabu pamoja. Kisha jadilini: je, mkopo wa kuanza maisha mjini utolewe wote mara moja, au wa kwanza uwe wa nauli na chakula akiwa kwa jamaa, na wa pili utolewe akisha kuzunguka mitaa na kuleta hesabu?

Wale akina mama watalijadili hilo Alhamisi. Yule mama ameombwa aje, na aje na kijana wake.