Usiuze Ndengu Zote Januari

Wadogo zangu, leo tuongee kuhusu pesa, na nitaanzia kwenye gunia, kwa sababu kwetu Kitui na Makueni pesa nyingi hupitia kwenye gunia kabla ya kufika kwenye simu.

Ushauri mwingi wa kubana matumizi umeandikwa kwa mtu wa mshahara. Anaambiwa atenge kiasi fulani kila mwisho wa mwezi, na ushauri huo unamfaa. Lakini wewe uliye Kathonzweni, Mutomo au Zombe, tarehe 30 kwako ni siku kama siku nyingine. Pesa yako huja na mvua. Tena si kila mvua: ile ya Oktoba hadi Disemba ndiyo tunayoitegemea, maana ya Machi hadi Mei hutuacha mikono mitupu mara nyingi mno. Kwa hiyo mavuno ya Januari na Februari ndiyo karibu mshahara wako wote wa mwaka, na unalipwa kwa mkupuo mmoja. Anayelipwa hivyo hafilisiki kwa sababu ya soda na chapati. Anafilisika kwa kuuza wakati mbaya na kununua wakati mbaya zaidi.

Unajua jinsi Januari inavyokuwa. Shule zinafunguliwa, daftari la dukani lina jina lako, na broka amesimamisha lori kando ya barabara, mizani mkononi. Kijiji kizima kinauza wiki moja, bei inaporomoka. Tuchukue mfano. Tuseme broka anatoa shilingi 60 kwa kilo ya ndengu. Gunia la kilo 90 linakupa shilingi 5,400, nawe unashukuru kwa kuwa karo imepungua. Ikifika Septemba, nyumba haina kitu, unaenda sokoni na gorogoro ya kilo mbili ni shilingi 240. Ukitaka kulirudisha gunia lako lile lile kwa gorogoro, utatoa shilingi 10,800. Umelima, umepalilia, umevuna, umepura, kisha umemlipa mtu mwingine shilingi 5,400 ili akutunzie chakula chako miezi minane. Hakuna starehe yoyote unayoweza kujinyima mwaka mzima ikaziba pengo hilo.

Ndiyo maana nakuomba, kabla hujauza hata kilo moja, hesabu midomo. Gunia la kilo 90 ni gorogoro 45. Wewe unaijua sufuria yako kuliko mimi: je, gorogoro moja ya mahindi inakaa siku moja au mbili? Ikiwa inakaa siku moja, gunia linaisha kwa mwezi mmoja na nusu. Hesabu hivyo hadi mavuno yanayofuata, ukijumlisha ndengu, kunde na mbaazi. Hayo ni magunia ya jikoni, na hayauzwi hata broka akiomba vipi. Weka pia mbegu. Kinachobaki ndicho biashara, na hapo ndipo unaweza kuongea bei.

Najua utaniambia, dada, nikiweka yataliwa na fukusi. Ni kweli, na wapo wanaouza haraka kwa kuwaogopa fukusi na dumuzi. Nunua mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani na gunia nje, inayojulikana kama PICS. Ilibuniwa kwa ajili ya wakulima wa kunde wa Afrika Magharibi na ya Kati. Ukiifunga vizuri, wadudu waliomo ndani hukosa hewa na kufa bila dawa yoyote. Bei yake ni juu kuliko ya gunia la kawaida, lakini usipoutoboa, mfuko mmoja unakuhudumia zaidi ya msimu mmoja.

Ila kausha kwanza, na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili lina makaburi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliwafanya watu 317 waugue hapa nchini, na 125 kati yao wakafa. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui, watu wetu, waliokula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ukuvu ule hauonekani kila mara kwa macho, na kupika hakuondoi sumu yake. Kwa hiyo usianike mahindi juu ya udongo mtupu, tandika turubai. Kisha yapime. Chukua chupa kavu ya soda, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu, halafu uiache itulie kama robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Na ukikutana na mahindi ya bei ya kutupa, yenye harufu na rangi isiyoeleweka, usiyanunue, wala usiwape kuku. Kubana matumizi kwa aina hiyo nakukataza kabisa.

Sasa karo, maana hiyo ndiyo humfungulia broka lango. Kwa shule za sekondari za bweni, utaratibu wa Wizara ya Elimu umekuwa kugawa karo ya mwaka 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu, kwa hiyo Januari ndiyo hubeba nusu nzima. Usingoje Januari ikukute. Uza mbuzi Disemba, wakati watu wanatafuta nyama ya Krismasi na majani yapo, mbuzi amenenepa. Ukimngoja Agosti ya ukame, utamuuza akiwa mifupa, na jirani zako wote watakuwa wamewapeleka wao sokoni siku hiyo hiyo. Wale mlioona ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikikosekana mfululizo, mnajua mifugo iliyochelewa kuuzwa iliishia wapi. Jambo lingine: nenda ukaonane na mwalimu mkuu mapema. Ziko shule zinazopokea mahindi, maharagwe au kuni badala ya sehemu ya karo, kwa sababu nazo hununua chakula cha wanafunzi. Kwa mzazi mwenye magunia, hiyo ni bei nzuri kuliko ya lori.

Sikwambii ukalie kila kitu ukingoja bei ipande, kwa sababu huwa haipandi kila mara. Mwaka 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje, na bei ikaanguka Afrika Mashariki yote, kuanzia kwetu hadi Tanzania. Aliyeweka mbaazi zote ghalani akitumaini faida aliumia. Kwa hiyo ile sehemu ya biashara iuze kwa awamu: kidogo sasa, kidogo baada ya miezi mitatu, kidogo watu wanapotafuta mbegu Oktoba.

Tuingie kwenye simu. Fuliza, ile huduma ya kukopa kwa simu salio lisipotosha, ilipoanza Januari 2019 wengi tuliiona kama rehema, na kwa dharura ya siku moja inasaidia kweli. Lakini angalia hesabu. Ada zilipopunguzwa Oktoba 2022, mtu aliyefuliza shilingi 700 alitozwa asilimia 1 papo hapo, akapewa siku tatu bila ada, kisha shilingi 6 kila siku. Akikaa mwezi mzima ametoa zaidi ya shilingi 160 juu ya zile 700. Shilingi sita hazimuumi mtu akiziona, ndiyo maana deni linakaa. Ukilazimika kukopa kidogo kwa simu, Hustler Fund ya serikali iliyozinduliwa Novemba 2022 hutoza asilimia 8 kwa mwaka, na katika kila mkopo asilimia 5 huwekwa akiba yako. Kwa siku 14, riba ya shilingi elfu moja ni kama shilingi tatu. Lakini nayo irudishe kwa wakati. Na tafadhali usikope kwa simu ili kununua unga, ilhali gunia lako lilipanda lori Januari. Huo ndio mzunguko ninaotaka utoke ndani yake.

Kadogo nayo inatumaliza. Mafuta ya shilingi 20, sukari ya 10, sabuni iliyokatwa vipande, makaa ya mkebe: kila mara unalipia zaidi kwa kipimo kile kile. Simlaumu anayenunua hivyo, kwa sababu mfuko una kiasi hicho. Lakini kikundi kinaweza kile ambacho mmoja hawezi. Mama zetu na nyanya zetu walichimba matuta ya milima hii kwa mwethya, shamba la huyu leo, la yule kesho. Wanawake kumi wa kikundi kimoja wanaweza kununua mtungi wa mafuta wa lita 20 kwa bei ya jumla na kugawana lita mbili mbili. Jaribuni mwezi mmoja muone.

Na kama mna chama cha hisa, kile cha sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991, nina ombi moja. Angalieni tarehe ya kugawana. Vikundi vingi hugawana katikati ya Disemba, na pesa inaishia kwenye nguo na soda za sikukuu. Kubalianeni mgawane juma la kwanza la Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Mkifanya hivyo tu, bila hata kuongeza hisa moja, kila mwanachama atakuwa na pesa siku ile ile ambayo broka anataraji kumkuta hana.

Maji nayo ni pesa, ingawa hatuyaandiki kwenye hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja. Nyumba ya mita tano kwa kumi, mvua nzuri ya milimita 20, hiyo ni karibu lita 1,000 kwa siku moja, yaani mitungi 50 ambayo hutaibeba wala kuinunua. Mfereji wa bati na tangi vitangulie kochi na televisheni. Chama cha kununuliana matangi kwa zamu nakiheshimu kuliko cha sahani.

Afya nitaigusa kwa ufupi. Tulizoea kulipa kidogo kwa mwaka, shilingi 500 kwa nyumba kwenye mpango wa Makueni, 1,000 kwenye ule wa Kitui. Tangu Oktoba 2024 kuna bima ya afya ya SHA, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na ajira rasmi hulipa ya mwaka kwa pamoja. Itoe kwenye pesa ya kwanza ya mavuno. Kitanda cha hospitali kimekwisha kuuza ng'ombe wengi katika vijiji vyetu.

Limebaki la ndugu. Mavuno yakionekana, simu huanza kuita kutoka Nairobi na Mombasa, na mchango wa mazishi hauna msimu. Saidia, sisi ni watu. Ila tenga debe la kusaidia kabla hujaombwa, na likiisha sema limeisha, kwa upole, bila kudanganya. Shemeji atanuna wiki moja. Watoto wako watakula hadi Disemba.

Ndengu zikishapurwa safari hii, keti na mume wako, au na mama kama mnaishi pamoja, mkiwa na kalamu na daftari. Andikeni idadi ya midomo, gorogoro kwa wiki, na wiki zilizobaki hadi mavuno. Fanyeni hivyo jioni moja kabla ya lori kufika, na mkishaandika, broka asiongee na mmoja wenu peke yake.