Masimbulizi bila ulimi

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamehifadhi aya ya 264 ya Suratul Baqara, inayokataza kubatilisha sadaka kwa masimbulizi na udhia. Mtihani wakauweza. Maana yake wameiona kwenye taasisi ndogo ya mtaani inayolea yatima, wanakojitolea kila Jumamosi kufua na kufundisha hesabu. Siku moja kijana alinyanyua simu apige picha. Binti aliyekuwa akifundishwa akajifunika uso kwa mtandio. Simu ikarudi mfukoni, hesabu zikaendelea. Kumbe masimbulizi ya zama zetu hayahitaji hata ulimi! Walimu wenzangu, katika ratiba zetu za somo la dini, tumetenga saa ngapi za kazi kama hiyo?