Je, Kila Kilichoboreshwa Kinastahili Hataza?

Ndugu msomaji, itazame penseli yenye raba kichwani. Je, aliyeviunganisha vitu hivi viwili alistahili hataza, yaani hati ya kumzuia mwingine yeyote kukitengeneza au kukiuza bila idhini yake?

Swali hili lilifika mahakamani. Tarehe 30 Machi 1858, Hymen Lipman wa Philadelphia, Marekani, alipewa hataza ya penseli ya namna hiyo. Joseph Reckendorfer akainunua haki hiyo, kisha akamshtaki Faber, mtengenezaji wa penseli. Mwaka 1875 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba hataza hiyo ni batili.

Kwa nini? Penseli iliandika kama zamani, na raba ilifuta kama zamani. Kugeuza kijiti ni rahisi kuliko kuweka kimoja na kuokota kingine, lakini urahisi peke yake si uvumbuzi. Mahakama ikataja mashine ya kupasulia mbao: fremu husogeza gogo huku msumeno ukikata, na kazi inakamilika kwa ushirikiano wa vyote viwili. Huo ndio muungano wa kweli.

Mtu atauliza: mbona hakuna aliyeipata hataza hiyo kabla ya Lipman? Swali zuri. Lakini kumbuka, kinachopewa mmoja wananyimwa wengine wote. Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikubali kuwa haki ya mvumbuzi ni mali inayolindwa na sharia. Basi kumnyima mvumbuzi wa kweli ni kumdhulumu. Na kumpa mtu miliki ya jambo ambalo fundi yeyote angelifanya ni kuwadhulumu mafundi wote.

Hapa Uganda, Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2014 inataka mambo matatu: kitu kiwe kipya, kisiwe dhahiri kwa fundi wa kazi hiyo, na kiweze kutumika viwandani. Hataza hudumu miaka 20. Kwa maboresho madogo kuna cheti kingine, cha miaka 10, ambacho sharti lake ni jepesi zaidi.

Basi wewe uliyeboresha jiko au pampu, jiulize kwanza: je, sehemu hizi zikiwa pamoja zinafanya jambo ambalo kila moja peke yake haikuliweza? Jibu lako ndilo litakalokuonyesha mlango wa kubisha.

Wallahu a'lam.